Namna ya kuhifadhi na kurithisha maarifa ya ngoro

Wamatengo wa milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania, wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi bila udongo wao kuchukuliwa wote na mvua, na siri yao ni ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maarifa haya hupokelewa kwa kutazama na kutenda, hivyo anayetaka kuyahifadhi, awe mwalimu, afisa ugani au kijana wa kijijini, afuate kalenda ya shamba badala ya kalenda ya ofisi.

Kwanza omba ruhusa kwa serikali ya kijiji, kisha kwa kila familia utakayoitembelea, ukieleza rekodi zitatunzwa wapi na nani ataziona. Mtafiti anayetoka nje ya nchi atahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania.

Kazi yenyewe ianze mwezi Machi, kwa kuwa ndipo ngoro inapotengenezwa. Majani hufyekwa na kuachwa yakauke, halafu hupangwa katika mistari inayokatana hadi yafanye miraba yenye upande wa mita 1.5 hadi 2 hivi. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukia majani, na maharage hupandwa juu ya matuta yanayotokea. Mahindi hufuata mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na magugu yanayopaliliwa hutupwa mashimoni. Shimo hunasa maji pamoja na udongo unaotiririka nayo, majani huoza na kurutubisha tuta, na baada ya miaka miwili, kazi inapoanza upya, mashimo huhamishwa. Piga picha kila hatua, pima kina cha shimo na ukali wa mteremko, andika tarehe. Na zaidi ya yote uliza sababu, kwa mfano ni dalili gani zinazomwonyesha mkulima kwamba majani yamekauka vya kutosha.

Hapa ndipo wengi hupoteza nusu ya maarifa. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga majani, nao wanawake huchimba, hufukia na kupanda, kwa hiyo anayemhoji mkuu wa kaya peke yake hapati habari za jembe kutoka kwa anayelishika. Waombe akina mama wazungumze wakiwa kazini, ikiwezekana wao kwa wao, na majina ya aina za udongo na majani yaandikwe kwanza kwa Kimatengo, ndipo yafafanuliwe kwa Kiswahili.

Rekodi ikikamilika, isomwe mbele ya wakulima wenyewe wairekebishe. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, nyingine shuleni, na sauti na picha zihifadhiwe mahali pawili au zaidi, kwani simu hupotea. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na watafiti wa Japani waliichunguza ngoro katika miaka ya 1990; inafaa kijiji kiombe matokeo hayo na kuyaweka pamoja na ya kwake. Shule yenye mteremko itenge kipande cha shamba, wazee wawafundishe wanafunzi kwa jembe mkononi.

Unapopeleka maarifa haya kwingine, taja daima mteremko, udongo, mvua na nguvukazi vilivyoyazaa, kwa sababu ngoro inadai kazi nyingi na haifai kila mahali. Milimani Uluguru, mkoani Morogoro, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ambayo hawakuyaona kuwa na faida, na mwaka 1955 ghasia zikazuka. Kwa hiyo mkulima mgeni aachwe ajaribu kwa hiari katika kipande kidogo kwa mzunguko mzima wa maharage na mahindi, akilinganisha na shamba lake la kawaida, na aliyoyaona, mazuri na mabaya, yaongezwe kwenye rekodi pamoja na jina la mahali pale.