Kabla Hujachanganya Dawa Zako za Usafi Nyumbani: Weka Haya Sawa Kwanza

Kujitengenezea dawa za kusafishia nyumba ni jambo jema na nalihimiza kwa moyo wote. Harufu kali zinapungua, makopo ya plastiki yanapungua, na maji machafu yanayotoka kwako hayabebi kemikali nzito kwenda kwenye mito na mabwawa. Shida ni kwamba wengi wanaanza na ndoo na siki kabla hawajaandaa kitu kingine chochote, na hapo ndipo wanapoumia. Soma haya kwanza. Ndoo haikimbii.

Vifaa: glavu za mpira, hata kama unashika siki tu. Kikombe cha kupimia na faneli ambavyo havitarudi tena kupimia chakula. Dirisha lililo wazi, na kama chumba hakina dirisha, mlango usifungwe. Hayo hayahitaji maelezo.

Kisha kagua unachotaka kusafisha. Siki ya kawaida ina asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 5, na hiyo inatosha kuyeyusha magamba meupe ya chokaa kwenye birika na bomba. Sasa, marumaru ya mawe halisi imeumbwa na kalsiamu kabonati, yaani kitu kile kile kilichomo kwenye magamba hayo. Ukiimwagia siki au limau, inaliwa. Lile baka lililofifia utakaloliona si uchafu, ni jiwe lenyewe limelika, na hata ukisugua hadi jioni halitoki. Sakafu ya teraso nayo mara nyingi ina vipande vya marumaru ndani ya saruji, kwa hiyo iepushe pia. Kwa mawe ya namna hii tumia maji na sabuni ya maji kidogo, basi.

Kwa mafuta yaliyoganda karibu na jiko, siki haitakusaidia sana. Hapo panahitaji sabuni, au bikaboneti ya soda ile ya kuumulia keki, ambayo ni laini na inasugua bila kukwaruza sana. Magadi yana nguvu zaidi ya kukata mafuta, lakini yanakula ngozi na yanazigeuza sufuria za alumini kuwa nyeusi.

Usihangaike kuchanganya siki na bikaboneti ndani ya chupa moja. Najua povu lake linapendeza. Povu hilo ni hewa ya kaboni dioksaidi inayotoka, na likishatulia unabaki na maji yenye chumvi kidogo, kwa sababu asidi na alkali zimeshamalizana nguvu. Ukifunga kifuniko hewa haijaisha, chupa inaweza kupasuka mkononi. Tumia kimoja, suuza, ndipo utumie kingine. Hata sabuni halisi ya mafuta usiichanganye na siki: inakatika na kurudi kuwa vijidonge vyeupe vya mafuta vinavyonata kila mahali.

Sasa hili naomba ulisome polepole. Kabla ya kuchanganya chochote, kaa na kila mtu anayeishi humo ndani mwambizane: kuanzia leo tunasafisha kwa nini, na nani anamwaga nini wapi.

Wifi yangu alikuwa mwangalifu kuliko watu wengi ninaowajua. Aliachana na dawa za dukani baada ya kupata mtoto, akawa na siki yake, bikaboneti yake, vitambaa vyake vimepangwa. Mume wake hakuwa na habari na mipango hiyo. Jioni moja aliona choo kimeweka rangi ya njano, akachukua dawa ya klorini iliyokuwa imebaki nyuma ya kabati, akamimina ndani ya bakuli la choo na kuiacha ilale humo hadi asubuhi. Hakumwambia mtu. Kwa nini amwambie? Alikuwa anasaidia kazi.

Asubuhi wifi akapasha siki moto, maana ikiwa ya moto inayeyusha chokaa haraka, akaingia chooni na kufunga mlango ili mtoto asimfuate. Akaimimina na kuinama kusugua. Tulimsikia akikohoa kabla hatujaelewa kinachoendelea. Alitoka macho yamefumba, machozi yanamwagika, hawezi kumaliza neno. Tukamkalisha nje kwenye hewa. Baada ya muda akasema amepata nafuu, na sote tukaamini yameisha, hata akataka kurudi kumalizia kazi. Ilipofika jioni kifua kilikuwa kinapiga filimbi na hawezi kulala chali. Alilala hospitali kwa oksijeni. Hadi leo, akipita mahali penye harufu ya klorini, kifua kinambana.

Kilichotokea ni hiki. Dawa za klorini zina haipokloraiti ya sodiamu. Ikikutana na asidi yoyote, siki na limau zikiwemo, inatoa gesi ya klorini. Ni gesi ile ile iliyoachiliwa dhidi ya wanajeshi huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo inatulia chini, pale pale alipo mtu aliyeinama kusugua, au mtoto anayetambaa. Na mapafu yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baada ya mtu kujiona amepona. Ndiyo maana aliyeivuta lazima aonwe na daktari siku hiyo hiyo, hata kama anakataa.

Kwa hiyo amueni pamoja. Ama klorini inatoka kabisa ndani ya nyumba, ama inakaa peke yake mahali panapojulikana, na anayeitumia anasema kwa sauti. Usimimine siki chooni kabla ya kuvuta maji, hata kama bakuli linaonekana safi. Klorini usiikutanishe na amonia, ile kemikali ya harufu kali iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, wala na spiriti. Na haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu, usiitie chupa moja na siki, kwani zinazaa asidi kali inayochoma macho na koo.

Chupa: usitumie ya soda wala ya maji ya kunywa, kamwe. Siki nyeupe na spiriti zinaonekana kama maji, na mtoto mwenye kiu hasomi. Tumia chupa ya kupulizia iliyooshwa vizuri ambayo unajua ilibeba nini, bandika karatasi, andika kilichomo na tarehe. Mchanganyiko wenye maji hauna kihifadhi, kwa hiyo tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na tengeneza kidogo cha kutumia wiki moja au mbili. Ukiona ukungu au utelezi, mwaga. Maganda ya limau yanadumu ndani ya siki. Ndani ya maji yanaoza. Peroksaidi iache kwenye chupa yake nyeusi, mwanga unaiharibu.

Halafu manukato. Mafuta ya mkaratusi na mengine ya namna hiyo hayayeyuki kwenye maji, yanaelea juu, kwa hiyo unaweza kupuliza maji matupu siku nyingi halafu mwishoni ukapuliza mafuta makali. Akiyameza mtoto, hata kiasi kidogo, ni hatari ya kweli. Kama unafuga paka, mimi nasema yaache kabisa, kwani ini lake haliwezi kuvunja vizuri viambata vingi vilivyomo. Na ukishashika limau nawa mikono kabla ya kutoka juani. Juisi yake ikipigwa na jua juu ya ngozi inaweza kuleta malengelenge.

Usitegemee siki kuua vijidudu vyote. Kukiwa na mgonjwa anayetapika au kuhara, safisha kwa sabuni, suuza, ndipo utumie klorini iliyozimuliwa kwa maji, peke yake. Wakati wa Uviko-19 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nguvu ya asilimia 0.1 kwa sehemu zinazoshikwashikwa; kama chupa yako ni ya asilimia 5, hiyo ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu 49 za maji. Zimua siku ile ile unayotumia, na iache ikae dakika kadhaa kabla ya kufuta.

Jaribu kila kitu kipya kwenye kona iliyojificha kwanza. Spiriti isikaribie moto. Usionje ili kujua ni chupa gani, na usinuse kwa kuingiza pua. Weka vyote juu, kabati lifungwe, hata vile unavyoviona havina madhara. Na mtoto akinywa chochote, usimtapishe: futa mdomo wake, chukua ile chupa yenye karatasi, nendeni nayo hospitali.