Mrija wa nyongo ukiziba: namna ya kufuatilia chanzo cha maambukizi

Nyongo inayotiririka haiwapi bakteria pa kukaa. Ikisimama, wale wa utumbo, hasa E. koli na Klebsiela, huzaliana mrijani, na shinikizo likipanda huingia kwenye damu. Tafuta kwanza kilichoziba.

Anza na macho. Mtoe mgonjwa nje mchana, maana balbu ya njano hudanganya, uvute kope la chini uone weupe wa jicho. Uliza: mkojo umekuwa kama chai ya rangi? Choo kimepauka kama majivu? Ukikuta manjano, homa ya kutetemeka na maumivu chini ya mbavu za kulia, usiishie kwenye kipimo cha malaria, hata kikisoma chanya. Akianza kuweweseka au presha ikishuka, msingoje kukuche. Kutoka Makete au Ileje hadi hospitali ya rufaa ni mbali.

Mara nyingi kisa ni vijiwe vilivyotoka kwenye kifuko cha nyongo vikakwama mrijani. Mwenye selimundu huvipata angali kijana, kwa kuwa chembe zake nyekundu huvunjika mno. Ile "tiba" ya mafuta ya zeituni na limao isikupotezee siku: vidonge vya kijani vinavyotoka chooni ni mafuta yaliyoganda kama sabuni.

Kisha minyoo. Mchango, yaani mnyoo mrefu wa mviringo, huweza kupanda kutoka utumbo hadi mrijani. Minyoo bapa ya ini, ambayo wachinjaji wa Iringa wanaijua vizuri, haitokani na kula ini lililopikwa. Huingia kwa mboga mbichi ziotazo majini na maji ya vijito yasiyochemshwa. Albendazoli miligramu 400 hutibu mchango. Minyoo bapa hutibiwa kwa triklabendazoli.

Manjano bila maumivu kwa mtu mzima anayekonda: shuku uvimbe wa kongosho au wa mrija. Uliza pia upasuaji wa zamani, na VVU ikiwa CD4 (hesabu ya chembe za kinga) iko chini ya 100.

Kwa ultrasaundi isiyo ya dharura, asile kwa saa 6. Ombeni kipenyo kiandikwe: kikizidi milimita 7, mrija umetanuka, na jibu la "hakuna kijiwe" halitoshi, kwani gesi ya utumbo huficha kijiwe cha chini. Antibayotiki za mshipani zianze mapema. Saa 24 zikipita bila nafuu, mrija uzibuliwe. Dawa haiondoi kizuizi.