Mpunga ukielekea kukomaa, shusheni lango la banio

Wakulima wa bonde la Usangu, Mbeya, kosa ni lile lile kila msimu. Masuke yameshainama, lakini mfereji bado unatiririka usiku na mchana. Wengine wamevuna na kuuza, na maji yanaendelea kuingia kwenye majaruba yenye mabua matupu kwa kuwa hakuna aliyekwenda kushusha lango la banio, pale mfereji unapochota maji mtoni. Hili halikubaliki.

Pigeni hesabu. Mfereji mdogo wa lita 10 kwa sekunde, yaani unaojaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 2, hupitisha lita 432,000 kwa saa 12. Kujaza ekari moja kina cha sentimita 5 kunahitaji takribani lita 200,000, ukiacha yanayonywewa na udongo. Usiku mmoja wa uzembe ni maji ya ekari mbili.

Kwenye udongo mzito wa mbuga, kata maji siku 10 hadi 14 kabla ya kuvuna. Kwenye kichanga, siku 7 hadi 10. Mpunga unapochanua usithubutu kuukausha, acha sentimita 3 hadi 5. Punje zikishakuwa ngumu, maji ya ziada hayazinenepeshi. Yanalaza mpunga na kuzamisha mashine ya kuvunia.

Kuziba jaruba lako peke yake hakutoshi, maji yataishia mtaroni. Mgawa maji ashushe lango la banio lenyewe, na mifuko ya mchanga mliyopanga mtoni iondolewe yote. Kama kuna kaya zinazochota maji ya nyumbani mferejini, ziachiwe kiasi hicho tu. Aliyechelewa kupandikiza apewe zamu yake. Asishikilie banio zima kwa ajili ya majaruba mawili.

Maji mnayoyaacha mtoni ndiyo yanayofika ardhi oevu ya Ihefu, na kutoka huko mto Ruaha Mkuu unaelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na bwawa la Mtera. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi. Wafugaji, wavuvi na kina mama wa vijiji vya chini wana haki na maji hayo kama ninyi.

Ukikata kwa wakati, shamba hukauka sawasawa na mpunga husimama hadi siku ya kuvuna.

Kamati za skimu za umwagiliaji, someni kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye kibali chenu cha kutumia maji kabla ya Juni, na mkipime banioni.