Una kesi ya zamani na unataka viza ya Uingereza? Anzia mahakamani

Mtu wa Mbeya akienda Zambia kupitia Tunduma, au Malawi kupitia Kasumulu, haombi viza. Ndiyo maana wengi hushtuka wakifungua fomu ya viza ya utalii ya Uingereza na kukuta wanaulizwa kama wamewahi kutiwa hatiani popote duniani. Swali hilo halijui "ilikuwa zamani". Ugomvi wa kilabuni wa mwaka 2009 umo, na kesi ambayo bado iko mahakamani nayo inaulizwa.

Kabla hujalipia chochote, nenda mahakama iliyokuhukumu ukaombe nakala ya hukumu. Usitegemee kumbukumbu. Huku kwetu ni kawaida hakimu kutamka "miezi 18 jela au faini", ndugu wakachangishana, na mtu akalala kwake usiku ule ule. Miaka ikipita, mwenyewe anasimulia kwamba "alifungwa mwaka na nusu". Kwa Waingereza hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, maombi yake ya kwenda kutembea hukataliwa hata kama ni miaka 20 iliyopita. Kifungo kikiwa pungufu ya hapo, lazima iwe imepita zaidi ya miezi 12 tangu kiishe. Adhabu isiyo ya kifungo, miezi hiyo inahesabiwa tangu siku ya kutiwa hatiani. Kwa hiyo stakabadhi ya faini itafute, hata kama imo kwenye sanduku la bibi kule Tukuyu.

Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo huandikwa kwa Kiswahili, hivyo itafsiriwe Kiingereza, na mfasiri aweke jina, sahihi, tarehe na mawasiliano yake. Cheti cha polisi cha tabia njema, ambacho watu hukikimbilia kwanza, si sharti kwa viza ya matembezi.

Halafu kuna steshenari. Kijana anayekujazia fomu Mwanjelwa ana foleni nyuma yako, na "hapana" ni jibu la haraka. Kaa pembeni yake, soma kila swali mwenyewe. Ikithibitika kwamba ulidanganya, unaweza kufungiwa viza ya Uingereza hadi miaka 10, na kosa dogo ambalo lingesameheka linageuka kuwa ukuta. Yeye hata jina lako atakuwa ameshalisahau.

Andika barua fupi: kosa gani, lini, adhabu ipi, uliimaliza vipi, na sasa unaishi vipi. Usimlaumu mgambo wala shemeji.

Fedha pia zina maelezo yake. Mkulima wa parachichi wa Rungwe hupata hela kwa mkupuo wakati wa mavuno. Ofisa asiyejua msimu ataona mamilioni yaliyoingizwa benki juzi tu. Ambatanisha karatasi za mauzo na hati ya shamba.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua wiki 3, ingawa mwenye rekodi ajiandae kusubiri zaidi. Alama za vidole zinachukuliwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa basi, kwa hiyo usipande basi la alfajiri huku tafsiri ya hukumu bado iko kwa mfasiri.