Namna ya kuhitimisha hija ya miguu ya Santiago mkiwa wawili

Watu wengi wanaojiandaa kutembea Njia ya Mtume Yakobo kwenda Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, huelekeza fikra zao zote kwenye mwanzo wa safari: viatu, uzito wa shanta, na tarehe ya kuondoka Saint-Jean-Pied-de-Port, mji wa Ufaransa karibu na mpaka, au Sarria, mji ulio karibu zaidi na Santiago. Siku za mwisho huachwa zijipange zenyewe, na hapo ndipo marafiki waliovumiliana kwa mamia ya kilomita huanza kukwaruzana, kwa kuwa mmoja anataka kuendelea hadi baharini, mwingine anataka kulala tu, na ndege inaondoka kesho yake asubuhi.

Aliyewahi kutembea kwenda Namugongo kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ataona tofauti mapema. Kule mahujaji wote huilenga tarehe moja, Juni 3, na ibada ya siku hiyo ndiyo inayoifunga safari yao. Santiago hupokea mahujaji kila siku ya mwaka. Ninyi mnafika saa tano asubuhi, wengine wanafika saa nane mchana, na hakuna anayewatangazia kwamba hija imekwisha. Kwa hiyo hitimisho ni kazi yenu wenyewe, na linahitaji kupangwa.

Anzeni na visa, kwa sababu ndiyo inayowawekea mipaka. Visa ya Schengen, yaani ile ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Hispania imo, haitazamwi kwa tarehe ya mwisho peke yake. Huangaliwa pia idadi ya siku za kukaa zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, na siku ya kuingia pamoja na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Hesabuni kurudi nyuma kuanzia siku ya kuruka, mkitenga angalau usiku mbili za kulala Santiago, na siku moja ya akiba kwa ajili ya goti litakalovimba au mvua ya Galicia, jimbo la Santiago, ambayo haiheshimu ratiba ya mtu. Kutoka Saint-Jean ni takriban kilomita 780, na kwa watembeaji wengi hizo ni kama wiki tano; anayeanzia Sarria, penye kilomita mia moja na ushei, huhitaji siku tano au sita.

Mazungumzo ya kufunga safari yafanyeni mkiwa bado mna siku mbili au tatu za kutembea, tuseme katika miji ya njiani ya Palas de Rei au Arzúa, baada ya chakula cha jioni. Msiyafanye njiani mkiwa na njaa. Jambo la kwanza la kukubaliana ni namna ya kuingia mjini. Kutoka O Pedrouzo, ambako wengi hulala usiku wa mwisho, hadi kanisa kuu ni kilomita 20 hivi, na anayetaka kuwahi misa ya mahujaji ya saa sita mchana hulazimika kuondoka kabla ya mapambazuko, ilhali mwenzake huenda anatamani kupumzika Monte do Gozo, kilima kilicho kilomita tano hivi kabla ya kufika, ambako tangu kale mahujaji waliiona minara ya kanisa kwa mara ya kwanza. Si lazima mwingie mkiwa bega kwa bega. Kama mmoja angependa kuzitembea saa za mwisho akiwa peke yake na sala zake, aseme waziwazi, nanyi mkubaliane saa ya kukutana katika uwanja wa Obradoiro, mbele ya kanisa. Anayeachwa nyuma bila kuelezwa hudhani amechokwa.

Jambo la pili ni fedha, na ningeshauri lisivuke Arzúa. Wasafiri wawili kwa kawaida huwa na kapu la pamoja, au hulipiana kwa zamu: huyu malazi, yule chakula. Mkishafika Santiago matumizi hubadilika sura, kwa maana kila mmoja ananunua zawadi za nyumbani kwake, mmoja anataka chumba chenye bafu na mwingine anaridhika na kitanda cha bwenini, na hesabu za njiani zikichanganyika na hizo hazitenganishiki tena. Fungeni daftari kabla ya kuingia mjini, deni lililobaki lilipwe kwa euro palepale ikiwezekana, na kama litalipwa kwa shilingi mkifika nyumbani, andikeni kabisa kiwango mtakachotumia. Kiwango cha haki ni kile ambacho benki ilimkata aliyelipa, kwa sababu ndicho alichotumia kweli. Kile kinachoonekana mtandaoni siku ya kulipana hakimhusu.

Katika kilomita mia moja za mwisho hakikisheni kila mmoja anagongewa mihuri isiyopungua miwili kwa siku kwenye pasi yake ya hujaji, kijitabu kinachothibitisha kwamba ametembea, iwe kanisani, kwenye malazi au hata mkahawani. Ofisi ya Mahujaji iko mtaa wa Rúa das Carretas, mwendo wa dakika chache kutoka kanisa kuu. Jiandikisheni kwanza kwa simu kupitia fomu ya mtandaoni, chukueni namba, kisha kila mtu ajitokeze mwenyewe na pasi yake. Hakuna kumchukulia rafiki aliyebaki amelala. Mtaulizwa sababu ya safari. Anayejibu kwamba ni ya dini au ya kiroho hupewa Compostela, hati iliyoandikwa kwa Kilatini pamoja na jina lake, bila malipo, na mwenye sababu nyingine hupewa hati ya makaribisho. Ipo pia hati ya umbali uliotembewa, ambayo hulipiwa kiasi kidogo.

Kuna utaratibu mmoja ambao wengi wanauruka bila kuujua. Mtu aliyetembea kwa niaba ya marehemu, au ya mgonjwa asiyeweza kusafiri, anaweza kuomba jina la mtu huyo liandikwe kwenye Compostela kwa maneno ya Kilatini *vicarie pro*. Ombi hilo hutolewa kabla karani hajaanza kuandika. Kwa sisi ambao ni nadra kuondoka nyumbani bila kubebeshwa nia za mama, shangazi na jumuiya nzima, nadhani hati ya namna hii ina uzito kuliko zawadi yoyote ya dukani.

Mashanta hayaruhusiwi ndani ya kanisa, kwa hiyo yawekeni kwanza mahali pa kutunzia mizigo au kwenye malazi. Msiende mkitarajia kwamba chetezo kikubwa, Botafumeiro, kitarushwa katika kila misa. Hurushwa katika sikukuu kubwa kama Pasaka, Julai 25 ya Mtume Yakobo mwenyewe na Krismasi, au pale kundi fulani linapokuwa limelipia. Ni chombo cha zaidi ya kilo 50 kinachovutwa kwa kamba na wanaume wanane, na aliyekikosa hajakosa hija. Mambo mawili yaliyo wazi kwa kila hujaji ni kupanda nyuma ya altare kuikumbatia sanamu ya Mtume, na kushuka kwenye kaburi lililo chini yake. Ningeyaacha kwa asubuhi ya siku ya pili, mkiwa mmeoga na mmelala, maana siku ya kufika mwili hauna nafasi ya sala ndefu. Atakaye kuona Pórtico de la Gloria, lango la mawe lililochongwa na Maestro Mateo katika karne ya 12, akate tiketi mapema.

Kisha lipo swali la bahari. Kutoka Santiago hadi Finisterre, rasi yenye mnara wa taa kwenye pwani ya Atlantiki, ni takriban kilomita 90, mwendo wa siku tatu au nne kupitia Negreira na Olveiroa, na mabasi pia huenda na kurudi. Hapa ndipo njia za marafiki hugawanyika mara nyingi zaidi, wala hakuna ubaya wowote: mmoja atembee, mwingine apumzike Santiago na amfuate kwa basi siku ya mwisho. Kitakachowaponza ni yule aliyechoka kukubali kwa aibu, halafu akanuna kwa siku tatu. Mkifika kwenye mnara wa taa msichome nguo wala viatu. Desturi hiyo imepigwa marufuku kwa sababu ya hatari ya moto na uchafu unaobaki miambani.

Mizigo ya kurudi ishughulikieni usiku mmoja kabla. Fimbo za kutembelea mara nyingi hukataliwa kwenye begi la mkononi, kwa hiyo zifungwe ndani ya mzigo unaopimwa, au waulizeni wahudumu wa malazi kama yuko hujaji anayezihitaji. Nguo zote na mfuko wa kulalia vipitishwe kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali, kwani kunguni wa mabwenini husafiri bila visa, na shanta lenyewe likaguliwe kwenye mishono. Mkiwa nyumbani lifungulieni nje ya chumba cha kulala.

Njia nyepesi ya kutoka ni treni ya kwenda Madrid, inayochukua saa tatu na ushei hadi stesheni ya Chamartín, na kutoka hapo kuna treni ya mjini hadi uwanja wa ndege wa Barajas. Msiunganishe treni hiyo na ndege ya usiku uleule kwa nafasi ya saa mbili tu. Wekeni saa tano au zaidi. Ndani ya ndege inukeni mtembee kila mara na mnywe maji, kwa kuwa miguu iliyozoea mwendo wa kilomita 20 kwa siku huvimba ikikalishwa ghafla. Picha zigawaneni mkiwa bado pale uwanja wa ndege, pamoja na namba za simu za mahujaji wengine mliotembea nao, kwa sababu aliyeahidi kuzituma akifika nyumbani hukuta kazi, ndugu na misiba vikimsubiri mlangoni.