Kukata bawa la stairofomu: andika namba kwenye violezo

Bawa la ndege ya rimoti likiwa pana shinani na jembamba nchani, violezo vyake viwili vya plaiwudi (vibao vya kuongozea waya, kimoja kila upande) havilingani urefu, lakini waya wa moto, ule unaopashwa kwa umeme na kushikwa na watu wawili ili ukate stairofomu, lazima uanze na kumaliza pande zote mbili kwa wakati mmoja. Usikisie. Gawa kila kiolezo sehemu 10, andika namba, kisha mmoja ahesabu kwa sauti, "tatu... nne...", na mwenzake amfuate. Wa upande wa ncha ataona kama anatambaa. Atambae tu.

Moto nao una dalili zake. Stairofomu ikikimbia kabla waya haujaigusa, umezidisha, punguza umeme. Waya ukipinda katikati kama upinde, ama umepoa ama mnauvuta kwa pupa. Ukiwa sawasawa, unaacha vinyuzi vyembamba kama vya buibui nyuma yake. Na msisimame njiani hata kidogo, maana hapo mtachimba mfereji ambao msasa hauufuti. (Madirisha wazi, ule moshi si wa kuvuta.)

Yale maganda mawili yanayobaki juu na chini msiyatupe. Lilaze bawa ndani yake unapobandika ngozi ya juu (tabaka jembamba la kulifunika), uweke vitabu vizito, litakauka limenyooka. Gundi iwe epoksi au ile nyeupe ya mbao. Supagluu ya kawaida na rangi ya kupuliza hula stairofomu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.