Nyungunyungu wa mboji: shibe ndiyo inayowaua

Nyungunyungu wangu wa kwanza walikufa wote ndani ya wiki mbili, na hawakufa njaa. Niliwaweka kwenye ndoo ya lita 20, nikaitua juu ya jiwe uani, maana kwetu Mabatini, Mwanza, jiwe ndiyo uwanja wenyewe. Kila jioni nikawamwagia maganda ya ndizi, wali uliolala, mabaki ya mchicha. Siku niliyofunua mfuniko nilipokewa na uvundo. Wachache walikuwa wamekwea hadi ukingoni, waliobaki chini wamelainika kama uji.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, joto. Nyungunyungu wa mboji hustawi kwenye nyuzi 15 hadi 25, zikivuka 30 wengi hutaabika. Mawe yetu saa mbili usiku bado yanafukuta, sasa fikiria ndoo iliyoshinda juani. Weka chombo chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopigwa jua la mchana, kiinuliwe kidogo, kitobolewe chini na ubavuni. Chini maji yatoke, ubavuni hewa iingie. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, hivyo akikauka anakufa, na akizama kwenye maji yasiyo na hewa anakufa vilevile. Kamata konzi ya matandiko ukamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Yakichuruzika, changanya maboksi makavu yaliyochanwachanwa. Maji ya bomba yalaze usiku mmoja kwanza, klorini ipungue.

La pili ni huruma. Waliokwisha kuzoea, kilo moja yao humaliza takriban nusu kilo ya mabaki kwa siku. Wageni wape robo, tena chini ya hapo. Kama cha juzi bado kipo, leo hawali. Chakula kinachobaki huchacha, hupandisha joto, huleta nzi. Katakata vipande vidogo, vifukie kila siku kona tofauti. Ndimu, pilipili, vitunguu, chumvi na mafuta usiweke. Na sisi wa ziwani, vichwa vya dagaa na matumbo ya sato tuviache kabisa, labda kama unafuga panya.

Mbegu nayo ina mambo yake. Chambo wanachochimba watoto mtaroni kwenda kuvulia huishi ndani ya udongo, kwenye ndoo ya maganda hawadumu. Tafuta wale wekundu, Eisenia fetida, au Eudrilus eugeniae, wakubwa zaidi, wenye asili ya Afrika Magharibi, ambao huvumilia joto kuliko wekundu. Mwuzaji akishindwa kukuambia ni wa aina gani, ondoka.

Matandiko mazuri ni maboksi, majani makavu ya migomba na samadi ya ng'ombe iliyokaa wiki mbili tatu ikapoa. Muulize mwenye ng'ombe kama amewapa dawa ya minyoo karibuni. Baadhi ya dawa hizo hutoka na kinyesi, zikaendelea kuua kwenye ndoo yako. Gugu maji pia linafaa: likatekate, lianike linyauke, kisha changanya. Ila usilivune karibu na mitaro ya mji, kwa sababu hunyonya madini mazito yaliyomo kwenye maji machafu.

Sisimizi wakikusumbua, simamisha miguu ya meza ya chombo kwenye makopo ya maji. Kuku ni adui mkubwa zaidi, funika.

Baada ya miezi mitatu hivi utaona kitu cheusi, chepesi, kinachonukia udongo wa mvua ya kwanza. Sukuma kila kitu upande mmoja, upande wa pili weka matandiko na chakula kipya. Baada ya wiki mbili wengi watakuwa wamehamia wenyewe.

Kwenye luseni, ule mchanga wa miteremkoni usioshika maji, mbolea hii ndiyo yenye faida kubwa: konzi moja kwa kila shimo la mche wa nyanya au sukuma wiki. Kwa kitalu, changanya sehemu moja kwa nne za udongo. Maji meusi yanayochuruzika chini ya ndoo yazimue mara kumi, uyamwage kwenye shina. Mchicha unaokaribia kuchumwa usiumwagie majani, kwani mboji ya nyungunyungu haichemki kama biwi, na vijidudu vya samadi vinaweza kuwa bado vimo.